Sifuri ya Kiboriloni

Miezi saba nimepanga Kiboriloni, nyuma ya mashine ya kukoboa,
chumba cha bati, meza ya mninga yenye kigae chini ya mguu mmoja,
na kazi niliyojitwika mwenyewe, hakuna aliyenituma:
kuishusha lugha yangu mpaka kwenye chuma.

Upande wa mbele ulikwisha. Ule ndio watu hupenda kuuona,
unasoma maandishi, unamkemea mwandishi kwa adabu.
Nilibaki na upande wa nyuma, jikoni, kwenye masufuria meusi,
ambako fomula safi, isiyobadilisha kitu cha mtu,
inavuliwa viatu na kuambiwa:
hapa kuna rejista kumi na sita, na nyingine si zako.

Lugha yangu haijui kitanzi.
Jambo likitaka kurudiwa, fomula hujiita yenyewe kwa jina,
kama mtu anayejibishia hodi akiwa ndani.

Nikaipa mtihani wa darasa la nne:
jumlisha moja hadi mia.
Elfu tano na hamsini. Hata Eliufoo wa kinu alilipata
kwa penseli, juu ya gunia la pumba.
Mashine yangu ikajibu: sifuri.

Nikabadilisha. Sifuri.
Nikalala, nikaamka, nikanywa uji wa jana. Sifuri.
Moja hadi mbili tu? Sifuri.
Ingekuwa mtu ningesema ina kinyongo.

Umeme ulikatika saa mbili usiku, na gizani
nikamkumbuka shangazi Ndeonasia, kule Kibosho,
mimi na miaka tisa, tochi mkononi, nikilinda zamu yetu ya mfongo.
Hakuwa akinifundisha lolote. Alikuwa anagomba.
Alimwazima jirani sururu, jirani akamwazima mkwewe,
na iliyorudi ni sururu, ndiyo, ila si ile:
mpini mfupi, ncha butu.
"Ningeificha kwanza," alijilaumu, "ndipo niite watu."

Nikacheka peke yangu.

Mia alimwita tisini na tisa, akaacha namba yake ndani ya rejista.
Tisini na tisa akaifuta, akaweka yake, akamwita tisini na nane.
Wakashuka hivyo, kila mmoja akikalia joto la mwenzake,
hadi sifuri, aliyekaa mwisho na hakuondoka.
Wakati wa kurudi, wote walikuta kitini namba ileile:
sifuri, jumlisha sifuri, jumlisha sifuri.
Hakuna aliyeiba.

Umeme uliporudi niliongeza mistari miwili:
kabla ya kuita, sukuma chako kwenye rundo;
ukirudi, kichukue.
Elfu tano na hamsini.

Kwa uroho nikaomba moja hadi milioni.
Rundo likapanda, likapanda, likaporomoka:
milioni nzima wamesimama foleni,
kila mmoja na namba yake kifuani, akimngoja wa mbele.

Dawa ya hilo nilikuwa nayo tangu Kibosho.
Maji ya mfongo hayapandi tena kutoa taarifa.
Aliyemaliza shamba lake huondoa kizuizi,
anakabidhi maji, anakwenda kulala.
Basi, kama kuita ndilo tendo lako la mwisho,
usimngoje unayemwita. Mpe jumla mkononi,
mpishe hapohapo ulipokuwa umesimama.
Palipoandikwa "ita" nikaandika "ruka".

Bilioni mia tano na laki tano,
kope hazijagusana.

Asubuhi Eliufoo akauliza kama imeikubali elfu tano na hamsini yake.
Nikamwambia imeikubali.
Sikumwambia kwamba bado kufagia,
kwamba vitu vilivyokufa vimeijaza kumbukumbu
na sijaamua nani atavizika, wala saa ngapi.
Akawasha kinu. Kigae kikachomoka chini ya meza.